Mipango ya Vyuo Vikuu: Nani Ataambiwa Angoje?

Vyuo vikuu vya serikali siku hizi vina desturi ya kutunga, kila baada ya miaka michache, kitabu kiitwacho mpango mkakati. Ndani yake wakuu wa chuo huandika hali ya chuo ilivyo, hali wanayoitamani, na mambo watakayoyatanguliza ili waifikie. Si desturi mbaya, maana mtu aingiaye shambani bila kujua atapanda nini huzipoteza mvua za kwanza. Walakini mwenye kuvisoma vitabu hivyo kwa makini mara nyingi hukuta jambo la kushangaza: yote yamewekwa kuwa ya kwanza. Sayansi ni ya kwanza, ualimu ni wa kwanza, na utafiti, na ukulima, na biashara, na majengo mapya, hata ukurasa wa mwisho. Nauliza basi, la pili ni lipi? Mpango usiotaja jambo litakalongoja haujachagua kitu. Umehesabu matamanio tu.

Wala tusidhani kwamba shauri hili ni la wenye majoho peke yao. Chuo kikuu cha serikali hulishwa kwa kodi, nayo kodi imo katika sukari tununuayo dukani. Hata mtu asiye na mtoto chuoni humngoja daktari wa hospitali ya wilaya, na mwalimu wa hesabu, na injinia wa daraja, ambao wote hutoka huko. Likikosewa shauri la juu, sisi wa chini ndio tutakaovuka mto kwa miguu.

Nchi zetu za Afrika ya Mashariki zilipata kuwa na mpango uliochagua kweli, nao wafaa kutazamwa upya, kwa wema wake na kwa kasoro yake. Mwaka 1963 vyuo vitatu viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika ya Mashariki. Cha kwanza kilikuwa Makerere, kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Cha pili kile cha Nairobi, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Na cha tatu Dar es Salaam, kichanga kabisa, kilichofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika 20. Mkuu wa Chuo Kikuu hicho alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, naye mwenyewe alikuwa amesoma Makerere.

Shauri lililofuatwa lilikuwa hili: masomo ya kawaida yafundishwe mahali pengi, bali masomo makubwa ya kazi yagawanywe, kila chuo na lake. Udaktari na ukulima vilikaa Makerere. Uinjinia, utabibu wa wanyama na usanifu wa majengo vilikaa Nairobi. Sheria ikakaa Dar es Salaam. Hivyo kijana wa Kenya aliyetaka sheria alishuka pwani, na kijana wa Tanganyika aliyetaka udaktari alipanda hata Kampala. Bwana Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya tangu 2011 hata 2016, ni mmoja wa Wakenya waliosomea sheria Dar es Salaam. Mpango ulisema wazi: hili tutalifanya hapa, na lile hatutalifanya hapa. Katika vitabu vyote vya mipango vilivyotungwa baadaye, ni vichache vilivyothubutu kusema hivyo.

Basi mbona haukudumu? Wengi husema ni wivu wa mataifa mapya, kila moja likitaka bendera yake na chuo chake. Jawabu hilo ni jepesi mno, wala halinitoshi. Tazama nani aliambiwa angoje. Uganda ilikuwa tayari na hospitali ya Mulago na shule yake ya udaktari. Kenya ilikuwa na karakana za Nairobi. Tanganyika ilipewa vitabu vya sheria. Sheria ina heshima yake, na tena ni somo la gharama ndogo, lihitajilo chumba, maktaba na waalimu. Lakini Mwalimu Nyerere alisema kwamba nchi yake ilipopata uhuru ilikuwa na madaktari 12 na mainjinia wawili. Nchi ya namna hiyo ndiyo iliyoambiwa itazamie nafasi za udaktari katika mji wa jirani, ambako nafasi zenyewe zilikuwa chache na kugombewa na watu wa nchi tatu.

Zaidi ya hayo, kila serikali ilikuwa na hesabu yake. Tanganyika, katika mpango wake wa miaka mitano ulioanza 1964, ilijiwekea nia ya kujitosheleza kwa wataalamu wake ifikapo mwaka 1980. Utajitosheleza vipi kwa madaktari, nawe huna ufunguo wa darasa lao? Aliyeambiwa angoje hakuona kwa yakini siku ya zamu yake, wala hakupewa kitu cha kumtuliza wakati wa kungoja. Kwa hiyo hata kabla muungano haujavunjwa, ule mgawanyo ulikwisha tobolewa: Nairobi ilianza kufundisha udaktari mwaka 1967, na Dar es Salaam mwaka 1968. Julai 1970 kila nchi ikachukua chuo chake. Nairobi ikaanzisha sheria yake, na Dar es Salaam ikaanzisha uinjinia wake mwaka 1973, kwa msaada mkubwa wa Wajerumani wa Magharibi.

Hapa nadhani kosa lilikuwa kuyatendea masomo yote sawasawa, kana kwamba yana uzito mmoja. Darasa la sheria likirudiwa mara tatu, hasara ni ndogo, na kila nchi ina sheria zake za kufundisha. Bali karakana ya mainjinia, au hospitali ya kufundishia utabibu wa ng'ombe, ni mali nyingi. Mashine yake ikisimama kwa kukosa wanafunzi wa kutosha, hula fedha hali imelala. Yalifaa kuachiliwa yale mepesi mapema, kwa moyo mweupe, ili yale mazito yashikwe pamoja kwa miaka mingi zaidi. Walioshika yote kwa mkono mmoja yaliwaponyoka yote.

Miaka ya 1980 ilikuwa ya dhiki, na sitakaa sana juu yake. Fedha za serikali zilipungua, vitabu vikachakaa, waalimu wakatafuta riziki nje. Mwaka 1994 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kazi kubwa ya kujigeuza, chini ya Profesa Matthew Luhanga, na chuo kikatungiwa mpango mkakati wake. Baadaye kiliandika hata mpango wa kutazama mbele mpaka mwaka 2061, utakapotimia mwaka wa 100 tangu kuanzishwa kwake. Nawasifu kwa jambo moja hasa: walianza kwa kujipima wenyewe kabla ya kutamani. Ni wachache wafanyao hivyo, hata katika nyumba zetu.

Makerere walipita njia nyingine. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 waliwafungulia mlango wanafunzi wa kujilipia, wengi wao wakisoma jioni, na muda si muda hao wakawazidi kwa hesabu wale waliolipiwa na serikali. Fedha ziliingia, nayo si haba kwa chuo kilichokuwa na dari zivujazo. Lakini Profesa Mahmood Mamdani, katika kitabu alichokitoa mwaka 2007, aliikosoa njia hiyo kwa ukali, akionyesha jinsi idara zilivyoanza kushindana kwa kubuni masomo ya kuuzika. Nakubaliana naye katika shina la hoja. Baraza la chuo lisipochagua, uchaguzi hautakoma kwa sababu hiyo. Ada ndiyo itakayochagua badala yake. Somo lenye wanunuzi wengi litanenepa, na lile ambalo nchi yalihitaji lakini halina wanunuzi litakonda kimya kimya, pasipo mtu kusimama na kusema, nimeliua mimi.

Kwa sababu hiyo naiona afadhali, pamoja na ugumu wake, desturi iliyofuatwa kwa miaka mingi na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2005: kuyapanga masomo kwa makundi, udaktari, uinjinia, na ualimu wa sayansi na hesabu vikitangulizwa. Mzazi aweza kusoma tangazo na kujua mwanawe yuko kundi gani. Ni uchaguzi uliotoka mbele ya watu, nao waweza kuhojiwa. Lakini tazama unamwangukia nani. Mtoto wa mwenye mali akipenda historia au muziki atasoma, kwa kuwa baba atalipa. Mtoto wa mkulima mwenye kipawa kile kile ndiye atakayeambiwa angoje, au ageuze moyo. Nchi ikiwapata wanahistoria wake kwa nyumba za matajiri peke yake, itaandikiwa historia ya namna gani? Sidai kwamba historia itangulie udaktari. Nadai kwamba katika somo linalongojeshwa ziachwe nafasi chache za maskini, nazo zitajwe kwa hesabu.

Hayo ndiyo ningeyatazamia katika kitabu cha mpango wa chuo cha serikali: litakaloanzwa, litakalosimamishwa kwa ajili yake, mpaka mwaka gani, na wale walionyimwa watapata nini hapo kati. Kurasa nne zatosha. Picha za majengo zaweza kuachwa.

Na tayari jambo la 1963 limerudi kwa mlango mwingine. Tangu mwaka 2014, kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, nchi za Jumuiya zimeanza kugawana tena masomo mazito ya udaktari: magonjwa ya moyo Tanzania, figo Kenya, saratani Uganda, na uinjinia wa vyombo vya tiba Rwanda. Haya ndiyo yale masomo ya gharama niliyosema yafaa kushikwa pamoja. Inabaki kuonekana kama daktari kijana wa Songea atakayetaka kuwa bingwa wa figo atapata nafasi Nairobi kwa ada ile ile alipayo Mkenya, na kama serikali yake itavumilia kutokuwa na shule yake ya figo siku atakapouliza mbunge bungeni, mbona jirani wanayo na sisi hatuna.