Mkono Unaojua Kukoma

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5, nacho kimekalia pingili saba za shingo. Ya kwanza, atlasi, ni pete tu. Inazunguka kwenye jino la pingili ya pili, na kiungo hicho kimoja ndicho kinachotupa karibu nusu ya uwezo wa kugeuza uso kulia na kushoto. Pingili za chini yake zimepandana kimshazari, kwa takribani nyuzi 45, ndiyo maana shingo ikigeuka haiachi kuinama kidogo upande. Anayetaka kuitibu kwa mikono mitupu lazima mambo haya ayajue kwa vidole, maana chini ya ngozi jicho halimsaidii.

Mtazame fundi wa kweli. Mgonjwa kalala chali, naye yuko upande wa kichwani. Kiganja kimoja kimebeba kisogo. Ubavu wa kidole cha shahada cha mkono wa pili umeegemea nyuma ya kiungo kimoja tu. Anainamisha kichwa upande huu, anakigeuza kidogo upande ule, anakisogeza pembeni kiasi cha unene wa kidole. Ulegevu unapungua, unapungua, hadi kiungo kinagoma. Hapo anatulia. Mwenye papara huutafuta mgomo huo kwa kuzungusha kichwa hadi mwisho wa safari yake. Fundi huupata katikati ya safari, kwa kuchanganya mielekeo midogo midogo, na mgonjwa hata hasikii kwamba amebanwa.

Kisha msukumo. Unachukua kama sehemu ya kumi ya sekunde, haraka kuliko misuli inavyoweza kukaza ili kujilinda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, waliopima nguvu hiyo walikuta kilele chake shingoni ni kama newton 100, yaani uzito wa ndoo ya lita kumi iliyojaa maji. Mgongoni huwa mara kadhaa zaidi. Kwa hiyo si kazi ya mabavu. Ugumu wake ni kuanza ghafla na kukoma ghafla, kiungo kikiwa kimesogea milimita chache tu.

Na ule mlio? Watu wanaupenda kupita kiasi. Si mfupa unaorudi mahali pake. Nyuso mbili za kiungo zikiachana kwa ghafla, shinikizo la ute uliomo linashuka na uwazi wa gesi unajitokeza. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Alberta kilionyesha hivyo kwa picha za MRI za vidole vilivyokuwa vikivutwa. Kiungo hicho hakilii tena mpaka ipite kama robo saa au zaidi. Nafuu anayoipata mgonjwa yaelekea inatokana zaidi na mishipa ya fahamu kuliko na mlio wenyewe, na fundi asiyesikia mlio hana sababu ya kurudia.

Ufundi huu ulibebeshwa madai makubwa tangu mwanzo. D. D. Palmer, aliyeanzisha kairopraktiki, yaani tiba hii ya kusukuma viungo, huko Davenport, Iowa, mwaka 1895, alidai alimrudishia Harvey Lillard usikivu kwa kumsukuma pingili. Mshipa wa fahamu wa kusikia haupiti shingoni kabisa! Mimi nausifu mkono, madai hayo siyasifu.

Mkono huo nao una hatari yake. Ndani ya matundu ya pingili za shingo, kuanzia ya sita hadi ya kwanza, zinapanda ateri mbili zinazolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Ukuta wake ukichanika, kiharusi kinaweza kufuata. Ni nadra, lakini ateri iliyokwisha kuanza kuchanika huweza kujitangaza kwa maumivu ya shingo na kichwa, yale yale yanayompeleka mtu kwa tabibu. Ndiyo maana fundi bora huuliza kwanza: maumivu haya ni mapya, hujawahi kuyapata? Unaona viwili viwili? Unayumba, ulimi mzito? Jibu likimtia shaka, hamgusi, anampeleka hospitali. Naihesabu hiyo kuwa sehemu ya ufundi, tena iliyo ngumu, kwa kuwa haina mlio wala sifa.

Basi wewe uliyezoea kinyozi akugeuze shingo kwa kushtukiza baada ya kunyoa, mwambie aishie kwenye mabega.