Mwalimu wa dansi na Kiswahili cha Garissa

Filamu za mwalimu mgeni anayeingia katika darasa la watukutu na kulinyoosha kama rula zimekuwa nyingi mno. Mtazamaji mzoefu huukisia mwisho hata kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha chai. Take the Lead, iliyotolewa mwaka wa 2006, ni ya ukoo huo huo. Antonio Banderas anaigiza Pierre Dulaine, mwalimu wa dansi za ukumbini ambaye ni mtu wa kweli. Anajitolea kuwafunza wanafunzi wa shule moja ya upili jijini New York wanaobakizwa baada ya masomo kama adhabu. Yeye anataka wajue waltz na tango. Wao wanataka hip-hop. Yaliyobaki, msomaji mpenzi, unaweza kujijazia.

Niliitazama majuzi mjini Garissa, kwenye kipakatalishi cha mwenyeji wangu, mwalimu wa Kiswahili aliyezaliwa na kulelewa papo hapo. Wapwa zake wawili walikuwa nasi. Banderas alipomvuta mwanadada kifuani na tango likaanza, mmoja wao aliangalia pembeni akacheka. "Abti, hii kwetu haiwezekani." Kijana alisema kweli. Ngoma anayoijua yeye ni dhaanto, ambamo wanaume na wanawake hujipanga safu wakikabiliana, na mwendo wake husemekana kuiga hatua za ngamia. Kushikana kiunoni si sehemu ya mchezo.

Kiswahili kimeliona pengo hilo tangu zamani. Mkopo 'dansi' uliingia kwa ajili ya mtindo wa Kizungu, mwanamume na mwanamke wakishikana mbele ya bendi. 'Ngoma' ikabaki na yake: chombo kinachopigwa, mchezo wenyewe, na hata mkusanyiko wa watu waliokuja kuucheza. Lakini kitenzi ni kimoja. Tunacheza ngoma, tunacheza dansi, tunacheza kandanda. Lugha yetu haijaona haja ya kutenga kucheza kwa mtoto na kucheza kwa mtu mzima aliyevaa tai.

Turudi kwenye filamu. Mkurugenzi wake, Liz Friedlander, alitokea kwenye video za muziki, na inaonekana. Miguu na jasho anavijua, mazungumzo ndiyo yanayompiga chenga. Ila kuna tukio moja lililonifanya nisogeze kiti. Vijana, waliochoshwa na muziki wa mwalimu, wanauchukua wimbo wa zamani wa George Gershwin na kuupandishia midundo yao. Dulaine angeweza kuuzima. Haukatazi, na hatua zake pia haziachi. Anadai mgongo ulionyooka na mguu unaofika mahali pake, lakini mdundo unakuwa wa wote. Hapo ndipo filamu inapopata uhai. Kabla ya hapo ilikuwa tangazo la adabu njema.

Wenzetu wa pwani walilifanya hili kabla ya Hollywood kuwako. Mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa Lamu na Mombasa walitazama gwaride na bendi za wakoloni, wakachukua tarumbeta, sare na vyeo, wakavitia katika mashindano yao ya mitaa. Ikazaliwa beni, jina lenyewe likiwa ni 'bendi' iliyopita katika vinywa vya Waswahili. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka wa 1975. Lamu imepakana na Garissa, jamani, si ng'ambo ya bahari.

Sasa niseme kinachoniuma. Kijana wa Garissa anapoongea Kiswahili, Kenya nzima hucheka. Wachekeshaji wetu wamejitajirisha kwa 'fisuri' na 'bole'. Mbona hatuulizi sababu? Kisomali hakina sauti /p/, /v/ wala /z/. Ulimi uliokulia humo huitafuta jirani ya karibu, ikapatikana /b/, /f/ na /s/. Ni kanuni, tena inafuatwa sawasawa. Na kijana huyo huyo anakuja darasani na utajiri ambao mwenzake wa Nyeri hana. Mwalimu kwake ni macallin, wakati ni waqti, kitabu ni kitaab. Nusu ya msamiati wetu wa asili ya Kiarabu ameukuta nyumbani, na sauti za kooni ambazo sisi tulizilainisha yeye bado anazitamka. Simaanishi aandike 'fisuri' katika mtihani wa KCSE, la hasha! Hatua ni hatua. Lakini mwalimu anayeanza kwa kicheko hatamfikisha kwenye /v/.

Kasoro kubwa ya filamu ni kwamba mwalimu hana cha kupoteza. Akichoka, studio yake inamngoja. Hapa hesabu ni nyingine. Novemba 2014, watu 28 waliokuwa wakisafiri kwa basi lililotoka Mandera waliuawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Aprili 2, 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kilipoteza roho 148 pamoja na walioilinda. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, na walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa. Aliyebaki na madarasa hayo ni mtu kama mwenyeji wangu. Hakuja kumwokoa yeyote. Ni kwao.

Mwalimu wa namna hiyo nimemwona kwenye filamu nyingine, fupi, Watu Wote ya mwaka wa 2017, iliyoongozwa na Katja Benrath na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Inahusu shambulio la Desemba 2015, pale abiria Waislamu katika basi la kwenda Mandera walipokataa kutengwa na Wakristo. Salah Farah, mwalimu, alipigwa risasi akafariki mwezi uliofuata. Ndani ya basi hilo Kisomali na Kiswahili vinasikika kwa pamoja, na msomali anayeongea Kiswahili hajawekwa pale achekwe. Wapwa waliitazama mpaka majina ya mwisho yakapita. Hakuna aliyeomba turudie ile ya tango.