Darubini Inayotii: Mwongozo wa Kuchagua ya Kwanza kwa Shabaha ya Mbali

Katika kiwanja cha Stickledown, Bisley, kusini mwa Uingereza, mlenga shabaha wa daraja la F hulala kifudifudi akitazama ubao ulio yadi 1,000 mbele yake. Hizo ni mita 914, kama viwanja tisa vya mpira vilivyopangwa kimoja baada ya kingine. Duara la alama za juu lina upana wa inchi 10, na ndani yake mna jingine la inchi 5, dogo kama kisahani cha chai. Daraja hilo limechukua jina lake kwa George Farquharson wa Kanada, aliyetaka wakongwe walioanza kufifiwa na macho waendelee kushindana kwa kutumia darubini na kiegemeo.

Anayenunua darubini yake ya kwanza kwa mchezo huu huanza kuuliza: inakuza mara ngapi? Swali hilo lina nafasi yake, ila lisitangulie. Darubini ya shabaha ya mbali ni chombo cha kupimia, ndugu ya mizani na rula. Sifa yake ya kwanza ni kusema kweli.

Tareti: hapo ndipo penye roho yake

Juu ya darubini na ubavuni mwake kuna vifundo viwili vya kuzungusha, viitwavyo tareti. Cha juu hupandisha na kushusha pigo la risasi. Cha ubavuni hulisogeza kushoto na kulia. Kila hatua hualika chini ya vidole, na kila hatua ina thamani yake: robo au thumuni ya dakika ya pembe, au sehemu ya kumi ya miliradiani. Kwa yadi 1,000, dakika moja ni kama inchi 10 na nusu. Kwa mita 100, sehemu ya kumi ya miliradiani ni sentimita 1 kamili. Shika kipimo kimoja, na uhakikishe nyuzi za kulengea ndani ya kioo zimechorwa kwa kipimo hichohicho.

Sasa fanya hesabu. Bunduki ya .308 Winchester iliyowekwa sifuri kwa yadi 100 huhitaji kupandishwa dakika 30 hadi 40 ili ifike yadi 1,000. Tuseme ni 35, na tareti inadanganya kwa asilimia 2 tu. Risasi itapotea kwa inchi 7 na ushei, wakati kutoka kitovu cha duara hadi ukingo wake ni inchi 5. Umetulia, umesoma upepo sawasawa, umefyatua bila kutikisika, na bado umekosa.

Kuipima hakuhitaji hata risasi moja. Simamisha ubao mita 100 kutoka ulipo, uchore mstari wima wa mita 1 kwa kufuata timazi, na utie alama kila sentimita 10. Kaza darubini mahali isipotikisika. Weka msalaba wa nyuzi za kulengea kwenye ncha ya juu ya mstari, kisha pandisha tareti miliradiani 10. Msalaba unapaswa kushuka sentimita 100 kamili bila kuacha mstari. Rudisha, urudie mara kumi. Kosa lisilobadilika linavumilika: liandike daftarini na ulifidie kila siku. Kosa linalobadilika halina dawa. Darubini hiyo iache dukani.

Msalaba ukienda upande kadiri unavyoshuka, darubini imefungwa ikiwa imeinama, au nyuzi zake zimeinama kwa ndani. Mwinamo wa digrii 1 tu, kwa upandishaji wa dakika 35, huisukuma risasi pembeni zaidi ya inchi 6.

Nafasi ya kupanda

Uliza jumla ya dakika ambazo tareti ya juu inaweza kuzunguka. Darubini yenye dakika 60 kwa jumla hukupa 30 tu za kupanda, kwa sababu nusu nyingine ni ya kushuka. Reli ya kufungia darubini, ikiwa na mwinamo wa dakika 20, huirudisha sehemu hiyo iliyolala bure: unapata kama 50 za kupanda. Hapa ndipo bomba la milimita 34 linapolizidi lile la milimita 30. Wauzaji wengi husema bomba nene huleta mwanga zaidi, na si kweli. Faida yake ni kuongeza nafasi ya msalaba kusogea.

Kioo

Usipime kioo ndani ya duka. Omba kutoka nje, elekeza darubini kwenye waya wa umeme au tawi kavu lililo mbele ya anga jeupe, kisha tazama kingo. Kioo hafifu huzizungushia rangi ya zambarau au kijani. Kioo kizuri huuacha waya mweusi kuwa mweusi, hata pembezoni mwa picha. Halafu igeuze, uangalie taa ikiakisiwa kwenye lenzi ya mbele. Miakisi yote iwe hafifu na yenye rangi; mwakisi mweupe unaong'aa huashiria uso usiopakwa utando wa kuzuia mwakisi, ule ambao Alexander Smakula aliuvumbua katika kampuni ya Zeiss mwaka 1935.

Sasa lile swali la ukuzaji. Mawimbi ya joto unayoyaona adhuhuri juu ya lami ya barabara ya Voi, nchini Kenya, hucheza pia mbele ya ubao wa shabaha. Ukuzaji ukizidi, nayo huzidi, na duara huyeyuka machoni. Kwa hiyo tafuta darubini inayoshuka hadi 15 au 20 na bado ikaonyesha picha safi. 40 au 50 ni za asubuhi tulivu. Tena mawimbi hayo usiyachukie. Yanakoelekea ndiko upepo unakokwenda, na kioo kizuri kitakuwezesha kuyasoma.

Paralaksi, nyuzi na uzito

Laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, usiiguse, kisha tikisa kichwa juu na chini ukitazama. Msalaba ukielea juu ya shabaha, hiyo ndiyo paralaksi: rekebisha kifundo chake mpaka msalaba utulie. Namba zilizoandikwa hapo zichukue kama dokezo. Mwamuzi ni jicho lako.

Nyuzi zinazonenepa kadiri unavyokuza humfaa anayelenga umbali asioujua. Bisley umbali unajulikana, kwa hiyo nyuzi zisizobadilika unene ni bora, maana hazilifuniki duara dogo. Kumbuka pia mizani: katika tawi la F/TR la daraja hilo la F, bunduki pamoja na darubini na miguu yake haipaswi kuzidi kilo 8.25. Kila gramu unayoweka juu unainyang'anya mtutu.

Na pete za kufungia zisinunuliwe kwa chenji iliyobaki. Darubini bora katika pete mbovu husogea kwa kila mshindo, na mwenyewe utailaumu darubini.

Kabla ya kulipa

Nenda kiwanjani siku ya mazoezi uombe kuchungulia darubini za wenzako, kwani jicho hujifunza kwa kulinganisha. Ukishachagua, zungusha tareti zote mbili hadi mwisho wake, juu, chini, kushoto na kulia, kisha uzirudishe sifuri na utazame msalaba ulipo. Ukiukuta palepale ulipouacha, lipa. Ukiukuta kando, hata kwa upana wa kucha, mshukuru muuzaji, uage.