Mgonjwa Asiye na Daktari: Maoni juu ya Filamu "Southern Comfort"

Filamu ya hali halisi iitwayo "Southern Comfort", kazi ya mtengenezaji Kate Davis, ilitoka mwaka 2001, na mwaka huo huo ikapata tuzo kuu ya filamu za aina yake katika tamasha la Sundance, Marekani. Yachukua dakika tisini tu. Yasimulia mwaka wa mwisho wa maisha ya Robert Eads, aliyekuwa akiishi Toccoa, mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo la Georgia. Eads alizaliwa mwaka 1945 akaandikwa mtoto wa kike. Akaolewa, akazaa watoto wawili wa kiume, kisha akiwa mtu mzima akatumia homoni, akaota ndevu, akaishi miaka yake iliyosalia kama mwanamume. Mwaka 1996 akagunduliwa kuwa na kansa ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi. Madaktari zaidi ya ishirini na wanne wakakataa kumtibu. Alifariki Januari 1999.

Twaiandikia filamu hii katika kurasa hizi kwa sababu wengi wa wasomaji wetu ni wachungaji, au watakuwa wachungaji karibuni, na baadhi yao watapangiwa kazi katika hospitali. Hatukusudii kuingia hapa katika mjadala wa mafundisho juu ya maumbile ya mwanamume na mwanamke. Mjadala huo una mahali pake, nao hautakwisha upesi. Swali letu ni jembamba zaidi, na kwa maoni yetu ni gumu zaidi: mtu ana kansa, amefika mlangoni kwa daktari, na daktari anaijua kazi yake. Ni nini kinachoufunga mlango?

Yafaa tuseme kwanza neno juu ya lugha. Kwa kawaida Kiingereza humtaja mtu wa tatu kwa kuamua kama ni mume au mke, na sehemu kubwa ya uchungu wa filamu hii imo katika uamuzi huo. Wazazi wake wanajikwaa. Mwana wake naye anajikwaa, ingawa ampenda. Mjukuu mdogo hana shida yo yote. Msomaji wa Kiswahili akisikia "alikuja, akakataliwa, akafa" hajui kama ni mwanamume au mwanamke, wala sarufi yake haimlazimishi kujua. Tusijisifu kwa hilo, maana hatujawa na jina la heshima lililokubalika la kumwita mtu aliyevuka jinsia. Majina tuliyo nayo mitaani ni ya matusi, na neno "huntha" lahusu jambo jingine kabisa, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoelekea upande mmoja dhahiri. Hata hivyo, katika sentensi yenyewe lugha yetu yamwacha mtu awe mtu kwanza. Kwa habari ya mgonjwa hilo si dogo.

Kama kazi ya sanaa filamu hii ni nzuri, tena ni nzuri kwa utulivu wake. Kate Davis ameigawa kwa majira ya mwaka, kuanzia masika hadi baridi, akakaa karibu na watu wake bila kuwaharakisha. Twamwona Eads nyumbani kwake, mtu mwembamba mwenye kiko na kofia, akipokea wageni ambao kwake wamekuwa ndugu. Twamwona Lola Cola, mwanamke ambaye naye alivuka jinsia, akimpenda mtu ambaye wote wawili wajua kwamba atakufa. Shabaha ya mgonjwa ni kuishi hadi mkutano wa mwaka huko Atlanta, ule ulioipa filamu jina lake, aende kucheza dansi na mpenzi wake. Anafika. Mtengenezaji hakuzidisha chumvi mahali hapa. Mtazamaji aona watu wawili waliovaa vizuri, mmoja wao amechoka sana.

Kasoro yake twaiona upande mwingine. Madaktari waliomkataa hawapo. Twasikia habari zao kwa kinywa cha mgonjwa na rafiki zake: huyu alisema hawezi, yule aliogopa kwamba wagonjwa wake wengine wangeona aibu kukaa chumba kimoja cha kungojea na mtu wa namna hii. Pengine wasingekubali kusimama mbele ya kamera. Lakini matokeo yake ni kwamba mtazamaji aondoka akidhani tatizo ni ubaya wa mioyo ya watu ishirini na kitu wa kusini mwa Marekani. Twaona kwamba hiyo ni njia rahisi mno ya kuelewa mambo. Watu ishirini na wanne hawawezi wote kuwa wakatili. Wengi wao, twathubutu kudhani, walikuwa watu wa ibada, wenye adabu, waliompa mgonjwa jina la daktari mwingine na kumtakia heri.

Hapo ndipo tungependa msomaji asimame kidogo. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Luther alibaki mjini, na katika barua yake kwa Johann Hess wa Breslau alijibu swali kama Mkristo aweza kuikimbia tauni. Jibu lake si kali kama wengi wanavyodhani. Aliruhusu watu kuondoka ikiwa wapo wengine wa kutosha wa kuwahudumia wagonjwa. Lakini wenye ofisi, yaani wahubiri, watawala, waganga wa mji, aliwafunga wabaki. Na hata ruhusa ya wale wengine ilisimama juu ya sharti moja: yule wa kuhudumu awepo kweli. Tukipima kwa kipimo hicho, kila daktari aliyempa Eads jina la mwenzake alikuwa akijihesabia haki kwa mtu ambaye hakumtafuta wala kumwuliza. "Wako wengine" ni neno la kweli pale tu ambapo wengine hao wanamngoja mgonjwa. Mnyororo wa rufaa usio na mwisho ni namna ya kukimbia, tena wenye adabu nyingi.

Si kila mara adabu ilikuwapo. Agosti 1995, mjini Washington, Tyra Hunter, mwanamke aliyevuka jinsia, aliumia katika ajali ya gari. Mhudumu wa zima moto aliyekuwa akimpa huduma ya kwanza alipokata nguo zake na kuona maumbile yake aliacha kazi, akatoa maneno ya dhihaka. Hunter alifariki hospitalini siku hiyo. Desemba 1998 baraza la mahakama lilimpa mama yake fidia ya dola milioni 2.9. Tumeitaja habari hii kwa sababu yapendwa kutajwa pamoja na ya Eads, ingawa hazifanani. Ile ya Washington ina mkosaji anayeonekana, na mahakama ilijua la kufanya. Ile ya Toccoa haina mkosaji hata mmoja ambaye ungeweza kumshitaki kwa urahisi, nasi twaiona kuwa ndiyo ya kutisha zaidi.

Jambo la pili ambalo filamu haikulichimba ni fedha, na hasa bima. Marekani, kama ijulikanavyo, mtu asiye na bima ya afya huwa kama msafiri asiye na nauli. Mwaka 1989 Medicare, bima ya serikali kwa wazee na walemavu, iliweka kanuni ya kutolipia upasuaji wa kubadili jinsia, ikitegemea taarifa ya mwaka 1981 iliyouita upasuaji huo wa majaribio. Kanuni hiyo ilidumu miaka ishirini na mitano. Iliondolewa Mei 2014 na bodi ya rufaa ya wizara, baada ya shauri la mgonjwa mmoja wa miaka 74 aliyewahi kuwa mwanajeshi. Bodi iliona kwamba ushahidi wa 1981 ulikuwa umepitwa na wakati. Kwa muda wote huo kampuni za bima za binafsi nazo zilikuwa na vifungu vyao vya namna hiyo hiyo, navyo viliandikwa kwa upana kiasi kwamba karani angeweza kuvitumia kukataa karibu lo lote linalomhusu mtu wa namna hii.

Lakini Eads hakuwa akiomba upasuaji wa kubadili jinsia. Alikuwa akiomba kutibiwa kansa. Hapa ndipo penye fundo ambalo wengi hulipita. Kadi ya bima ina herufi moja ya jinsia. Dai la malipo lina namba ya ugonjwa. Mwanamume kwenye kadi, ovari kwenye dai: mashine yakataa. Akibadili kadi iseme mwanamke, atalipiwa ovari, lakini atatoa maelezo mapya kila dirishani, ana ndevu mkononi na jina la kike kwenye karatasi. Medicare yenyewe ilibidi ibuni alama maalumu ya kuandikwa kwenye dai ili kumwambia karani kwamba tofauti hiyo si kosa la uandishi. Tumesoma mengi juu ya sheria na haki za watu hawa, lakini alama hiyo ndogo yatuonyesha zaidi kuliko hotuba mahali mlango ulipokuwa umefungwa.

Wala kisanduku hicho hakiwaumizi waliovuka jinsia peke yao. Mwaka 2011, katika jimbo la South Carolina, jirani ya Georgia, kijana wa miaka 26 mwenye kansa ya titi alinyimwa malipo ya Medicaid, bima ya serikali kwa maskini, kwa kuwa mpango wa kansa ya titi ulikuwa wa wanawake na yeye ni mwanamume. Huyu hakuvuka cho chote. Alizaliwa mwanamume, akaugua ugonjwa ambao fomu haikumtegemea kuugua.

Ukubwa wa jambo lenyewe ulionekana mwaka 2015, watu 27,715 waliovuka jinsia nchini Marekani walipojibu maswali ya uchunguzi mmoja. Robo yao walisema wamepata shida na bima yao katika mwaka uliotangulia kwa sababu ya hali yao. Asilimia 23 walisema waliacha kwenda kwa daktari walipomhitaji, kwa kuogopa kutendewa vibaya. Ni hao wa mwisho wanaotusumbua. Mgonjwa aliyekataliwa ana habari ya kusimulia. Mgonjwa asiyekwenda haonekani katika daftari la hospitali yo yote, na daktari aweza kusema kwa moyo mweupe kwamba hajawahi kumkataa mtu.

Inatupasa pia kuwa waangalifu na hoja moja ambayo filamu yaiacha ikue yenyewe moyoni mwa mtazamaji, kwamba laiti daktari wa kwanza angempokea, Eads angepona. Hatuwezi kusema hivyo. Kansa ya ovari haina dalili za mapema zilizo wazi, na kwa wagonjwa wengi hugunduliwa ikiwa imekwisha kuenea tumboni. Tena kulikuwa na shauri la kitabibu lililotangulia: Eads alishauriwa kwamba kwa umri wake hakuna haja ya kuondolewa viungo hivyo. Huenda angekufa hata kwa matibabu ya mapema. Twasema hivi tukijua kwamba wapo watakaofurahi kulisikia. Wasifurahi. Ubaya wa kumkataa mgonjwa hautegemei hesabu ya kama angepona. Tungekuwa na hospitali ndogo sana kama tungepokea tu wale tunaojua watapona, na kitengo chote cha uchungaji wa wagonjwa mahututi kingefungwa.

Tangu filamu itoke, sheria za Marekani zimekwenda mbele na kurudi nyuma. Sheria ya afya ya mwaka 2010 ilikataza ubaguzi wa jinsia. Kanuni ya 2016 ikaeleza kwamba waliovuka jinsia wamo. Kanuni ya 2020 ikawaondoa. Huko huko Georgia, katika kaunti ya Houston, naibu wa sherifu aliyevuka jinsia aliishitaki serikali ya kaunti yake kwa kifungu cha bima ya wafanyakazi kilichokataa kulipia upasuaji wake. Alishinda mahakama ya kwanza mwaka 2022, akashinda rufani mwaka 2024, na Septemba 2025 majaji wote wa mahakama hiyo ya rufani walipokaa pamoja, wengi wao wakaamua kwamba kifungu hicho hakivunji sheria ya kazi. Kaunti ilikuwa imetumia zaidi ya dola milioni moja kwa mawakili. Msomaji aliye mweka hazina wa usharika atajua namna ya kuipima sadaka hiyo.

Tungeshauri filamu hii ionyeshwe kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kwa sharti kwamba mjadala usianze na Eads. Uanze na wale waliomkubali, ambao filamu yawapita haraka mno. Maana mwaka 1997 alipata hatimaye matibabu katika hospitali ya chuo cha udaktari huko Augusta: upasuaji, mionzi, na dawa kali za kansa. Ugonjwa ulikuwa umeenea. Lakini Augusta imo Georgia ile ile. Tungependa kujua karani wa mapokezi siku ile aliandika nini kwenye fomu, alimketisha mgonjwa wapi, na ni nani alikuwa amemwambia kwamba yaruhusiwa.