Vidole Ukutani

Lipu ilikuwa imebanduka kando ya mlango, kipande cha ukubwa wa sinia la pilau, na ukuta ukabaki matumbo nje. Fundi alikuwa bado anachekecha mchanga, nikapata muda wa kuchungulia. Boriti mbili za mkoko zilisimama wima, nyeusi kama zimepakwa lami. Fito zilikuwa zimelazwa ndani na nje ya boriti, zimefungwa kwa kamba ya makumbi, na katikati pamejazwa vijiwe vya matumbawe na udongo mwekundu. Juu ya udongo huo kulikuwa na michirizi minne minne, imeteremka pamoja: vidole vya mtu aliyekandika.

Hiki ndicho kiambaza, na hii ni moja ya nyumba za Kiswahili chache zilizosalia Kariakoo, Dar es Salaam. Ukiitazama kutoka barabarani hukuti la ajabu: baraza, mlango katikati, dirisha huku na dirisha huku. Ingia. Ukumbi umenyooka kutoka mlangoni hadi uani, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia. Uani ndiko kuliko jiko, stoo, bafu na choo. Basi, hakuna zaidi. Mafundi wa zamani walijenga hivyo bila karatasi, wakipima kwa kamba na hatua.

Wapo wanaoiona nyumba hii kuwa kibanda kilichokosa fedha ya kuwa nyumba. Mimi nadhani hawajakaa ndani yake saa nane mchana. Kuta za vyumba haziendi hadi paani. Zinaishia kwenye mwamba, na juu ya zote limekaa paa moja: kipaa cha mbele, kipaa cha nyuma na visusi viwili. Joto hupanda, likavuka kuta na kutokea penye mchilizi, huku upepo ukipita ukumbini kutoka barazani mpaka uani. Kwenye nyumba za mawe za Lamu boriti hiyohiyo ya mkoko ndiyo inayobeba dari, kwa hiyo chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko inavyofika. Huku hakuna dari ya kubebwa. Kuna gharama yake, bila shaka: mpangaji wa chumba cha kwanza akipiga chafya usiku, wa chumba cha sita anamwombea afya.

Viwanja vyenyewe vina historia ya watu waliopenda mistari iliyonyooka. Wajerumani ndio waliopanga mtaa huu uwe wa Waafrika, mbali kidogo na bahari na upepo wake. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliweka hapa kambi ya wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalifinyanga jina hilo hadi likawa Kariakoo. Serikali ilitoa mraba. Kilichojengwa ndani ya mraba kilikuwa cha pwani, na kiliuenea vizuri sana: mbele ni ya wapita njia, nyuma ni ya wenyewe, na katikati kila chumba kinaweza kupangishwa bila kuvunja hata ukuta mmoja. Mwenye nyumba alilala chumba kimoja, vitano vikamlisha. Paa nalo lilibadilika kadiri mfuko ulivyoruhusu, makuti kwanza, kisha madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, kisha mabati.

Nilimuuliza fundi kama aliwahi kukandika. Alisema utotoni, kijijini kwao, na akaacha chepeo ili anionyeshe. Wanasimama watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje, mahali pamoja. Kila mmoja anachota donge, wanalisukuma kwa pamoja kati ya fito mpaka udongo ukutane na udongo. Ukikandika upande mmoja peke yake, alisema, donge linatokeza upande wa pili na kuanguka. Kwa hiyo lazima msikilizane. Udongo nao unalowekwa tangu jana yake na kukanyagwa kwa miguu, kwa sababu ukikosa kulainika hupasuka ukikauka, na ufa ndio mlango wa mchwa. Boriti ya mkoko mchwa haipendi. Fito anazila.

Ghorofa la jirani lilikuwa limetutupia kivuli wakati wote tukizungumza. Barazani muuza vitenge alisogeza meza yake ili fundi apite na ndoo.

Fundi aliunyunyizia udongo maji ili saruji ishike. Kabla ya kubandika mwiko wa kwanza aliweka mkono wake juu ya ile michirizi, kidole kwa kidole. Havikuenea; vyake vilikuwa vinene mno. "Huyu alikuwa mtoto," akasema, "au mwanamke," kisha akaanza kupiga lipu kutoka chini.