Nadharia Mbili kwa Neno Moja

Kijana wa Kilole, katika mji wa Korogwe, hufundishwa asili ya mwanadamu mara mbili. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani, au kanisani, huambiwa kwamba Mungu alimwumba Adamu kwa udongo. Shuleni, katika somo la historia, husomeshwa habari za mageuzi, zama za mawe na bonde la Olduvai. Mafundisho hayo yangeweza kukaa kila moja mahali pake. Lakini kwa miaka mingi vitabu vya historia vya shule za Tanzania vimeyaweka katika ukurasa mmoja na chini ya jina moja: nadharia ya uumbaji na nadharia ya mageuzi. Mwanafunzi hutakiwa kuzieleza zote mbili, akapata alama zake, akapita.

Mpango huo una sifa yake, wala haifai kuudharau. Katiba ya nchi, ibara ya 19, yampa kila mtu uhuru wa dini, na darasa moja huwa na watoto wa Kiislamu na wa Kikristo pamoja. Ugomvi wa jambo hili nao si wa kudhaniwa tu. Mwaka 2006, huko Nairobi, Askofu Boniface Adoyo alipinga Makumbusho ya Taifa ya Kenya kuionyesha kama ushahidi wa mageuzi mifupa ya kijana wa Turkana, iliyovumbuliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Richard Leakey akayatetea maonyesho hayo. Darasa la Korogwe limeepushwa na mzozo wa namna hiyo, ila amani yake imenunuliwa kwa neno lililolegea.

Neno hilo ni nadharia. Katika mazungumzo ya kawaida, nadharia ni rai ambayo haijathibitishwa. Katika sayansi ni maelezo yaunganishayo ushahidi mwingi, nayo hukubali kusahihishwa. Olduvai yenyewe yatoa mfano. Fuvu la Zinjanthropus, alilolivumbua Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, lina umri upatao miaka milioni 1.75. Hapo kwanza lilidhaniwa kuwa la mhenga wa mwanadamu. Leo wataalamu huliweka katika tawi la kando lililokatika. Sahihisho hilo halikuyaangusha mageuzi, bali liliyafafanua. Wala sayansi haisemi kwamba mtu alizaliwa na sokwe wa leo, kama isemwavyo aghalabu. Yasema kwamba wawili hao wana asili moja ya kale.

Imani haina desturi hiyo wala haiihitaji, kwani amwaminiye Mwumba hangoji fuvu jipya ndipo asali. Kwa hiyo kuiita imani nadharia ni kuishusha iwe dhana ingojayo kuthibitishwa. Na kuyapima mageuzi sawa nayo ni kumfundisha mtoto kwamba ushahidi ni jambo la kupenda. Pande zote mbili zimedhulumiwa.

Watu wanaokaa chini ya milima ya Usambara wana kipimo karibu nao. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, chasimulia jinsi Mbegha, kigego aliyefukuzwa kwao Nguu, alivyowagawia watu nyama ya mawindo hata akatawazwa Vuga. Msomaji hakidai kitabu hicho mifupa ya nguruwe. Hukiuliza ni nini kilichoufanya ufalme uwe halali. Steven Feierman, katika utafiti wake wa ufalme wa Shambaa uliotolewa mwaka 1974, aliuliza maswali ya historia, na hadithi haikufa kwa kuulizwa.

Kila mlango kwa ufunguo wake. Yapasa uumbaji ufundishwe katika kipindi cha dini, na wanaouamini. Na mageuzi yafundishwe kwa mifupa, kwa tarehe na kwa makosa yaliyosahihishwa. Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule ijenge akili yenye kudadisi. Mtihani usemao, "Taja nadharia mbili," haudadisi kitu. Heri umwulize mwanafunzi: jambo hili lajulikanaje?