Laleni Matai!

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka asome aya moja aende zake: katika miji midogo ya Nyanda za Juu Kusini niliyowahi kulala, hakuna ulionipa mambo mengi ya kufanya, kwa fedha kidogo na kwa utulivu mkubwa, kama Matai. Ndiyo, Matai! Makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, mkoani Rukwa, mji ambao wengi wetu tumeuona kwa dirisha la gari tu tukiwahi Kasanga au mpaka wa Kasesya. Nimefika pale kwa mara ya kwanza, nikashuka, nikatafuta chumba, na mpaka sasa moyo wangu haujatulia. Watu wanapanda ndege kwenda Morocco kutembea Chefchaouen, ule mji wa milimani wenye kuta za buluu, na wanafanya vizuri. Lakini jamani, sisi tuna Ufipa!

Kutoka Sumbawanga ni kama kilomita 50 za lami. Gari linatoka stendi likijaa, na kabla hujamaliza kujuana na jirani yako wa kiti umekwisha kumezwa na uwanda wa Ufipa. Ukikulia Dar au Tanga hujui uwazi wa namna hii: vilima vya nyasi vinafuatana mpaka macho yanachoka, miti ya kuhesabu, ng'ombe wanapanda mteremko kwa mbali, na mbingu imekaa chini kweli kweli. Uwanda uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Juni na Julai baridi yake si ya mzaha. Wilaya yenyewe bado changa, ilikatwa kutoka Sumbawanga mwaka 2012, na mji una sura hiyo ya kuanza maisha: ofisi mpya, nyumba za matofali ya kuchoma zenye mabati yanayong'aa, maduka ya pembejeo, bodaboda wanaoota jua la asubuhi kwenye kona. Kelele hakuna. Nilifungua dirisha alfajiri nikasikia jogoo, mtu anapasua kuni, basi.

Jambo la kwanza la kufanya Matai ni kutembea kwa miguu, na halilipiwi hata senti. Toka mapema, jaketi mwilini, fuata njia yoyote ya ng'ombe inayotoka mjini. Dakika chache tu na uko mashambani, na hapo ndipo nilipokutana na kitu kilichonisimamisha. Shamba zima limejaa matuta ya mviringo, makubwa, yamepangwa kwa mistari, na juu yake maharage yamekauka yanangoja kung'olewa. Mama mmoja alikuwa anayang'oa akiyalaza chini mizizi juu. Nilipomsalimia na kumuuliza kwa nini matuta yako hivi, hakunijibu kwa maneno kwanza. Alichomeka jembe ubavuni mwa tuta akalifungua. Ndani kulikuwa na nyasi zilizooza, nyeusi, laini, zina unyevu wakati udongo wa nje umekauka. "Mwanangu, hii ndiyo mbolea yetu," akasema. "Tunazifukia mvua ikiwa inaelekea kuisha. Msimu ujao tunalisambaratisha tuta, tunapanda ulezi." Wafipa na Wamambwe, wenyeji wa hapa, wamelima hivi tangu zamani sana, kabla ya mfuko wa kwanza wa mbolea ya dukani kukanyaga uwanda huu, na wataalamu wa kilimo kutoka mbali wamekuja kujifunza. Mimi nimejifunza nimesimama kwenye umande, bure, kwa mtu anayejua. Ukienda, chukua nusu saa ya kuzungumza na wakulima, na ukiweza shika jembe kidogo. Watafurahi, nawe utakula maharage kwa heshima nyingine kabisa.

Sasa, Maporomoko ya Kalambo!

Sijui nitaandikaje hapa bila kupandisha sauti. Unachukua gari au bodaboda kutoka Matai kuelekea upande wa Kapozwa, vumbi linakufuata, miombo inaanza kufunga njia, halafu unafika kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wanaolisimamia eneo hili, unalipa kiingilio na kupewa wa kukuongoza. Mto Kalambo wenyewe haukutishi. Ni mto wa kawaida, unatembea polepole juu ya uwanda, ng'ambo yake ni Zambia, ungeweza kumwita mtu wa upande ule akakusikia. Kisha ardhi inakatika. Inakatika kabisa! Mto unafika ukingoni na kujiachia zaidi ya mita 220 kwa mkupuo mmoja, haugongi ngazi wala jiwe njiani. Maporomoko ya Viktoria, ambayo dunia nzima inayapigia picha, yana kimo cha mita 108. Piga hesabu mwenyewe. Yale ni mapana mno na haya ni membamba, sawa, lakini kwa kimo Kalambo ni zaidi ya mara mbili, na iko katika wilaya ambayo rafiki zangu wengi wa mjini hawawezi kuionyesha kwenye ramani.

"Dada, usisimame hapo. Lala kifudifudi, mimi nakushika miguu," kijana aliyenipeleka akaniambia. Nikalala. Nikatoa kichwa nje ya mwamba. Maji yalipoondoka ukingoni yalikuwa bado maji, mazito, ya rangi ya chai. Katikati ya safari yalianza kuchanika, na chini kabisa yalikuwa yanapeperuka kama unga unaochekechwa. Upinde wa mvua ulikuwa chini yangu. Chini yangu, si juu! Ukutani mwa korongo, kwenye vishubaka vya mwamba, wanatagia kongoti, wale ndege wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, na kuwaona wakielea kwa mabawa yaliyotandazwa huku wewe ukiwatazama migongo ni jambo ambalo sikuwahi kulitarajia maishani. Korongo lenyewe lina kina cha hadi mita 300, linakwenda kilomita kadhaa mpaka linafunguka kwenye bonde la Ziwa Tanganyika. Upande wetu zimejengwa ngazi za kushukia ili uyaone maporomoko kwa chini. Shuka, lakini shuka ukikumbuka kuwa kila ngazi utailipa kwa mapaja wakati wa kupanda. Beba maji ya kunywa na viatu vinavyoshika.

Na bado sijasema kubwa kuliko yote. Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, mwanaakiolojia Desmond Clark alianza kuchimba miaka ya 1950 akapata zana za mawe na, jambo adimu kupita kiasi, mbao za kale zilizohifadhiwa na udongo wenye maji. Mwaka 2023 kundi lililoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool lilitangaza katika jarida la Nature kwamba limepata magogo mawili yaliyolazwa msalaba, moja limechongwa mfuo likakalia jingine, kwa makusudi, kwa mkono. Umri wake? Miaka 476,000 au zaidi. Mifupa ya zamani kuliko yote ya binadamu wa aina yetu ina miaka kama 300,000. Maana yake kuna viumbe waliotutangulia, waliokaa kwenye kingo za mto huu huu, wakachagua mti, wakaukata, wakaunga gogo na gogo, labda ili wasikae kwenye tope. Huu ndio ushahidi wa kale zaidi unaojulikana duniani wa mbao zilizoungwa pamoja. Nilikaa kwenye jiwe nikayatazama maji nikiyawaza hayo, na sikuona haya kulia. Mahali pengine duniani wangekuwa wameshajenga jumba la makumbusho na foleni ya mabasi. Hapa tulikuwa mimi, kijana na kongoti.

Siku nyingine lipe Ziwa Tanganyika. Barabara ya Matai inaendelea na lami mpaka Bandari ya Kasanga, na mteremko wake peke yake unatosha kuwa safari: unaacha jaketi juu, unashuka mamia ya mita, hewa inakuwa nzito na ya joto, mara miembe, mara harufu ya samaki, mara buluu isiyo na mwisho. Hili ni ziwa la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal la Urusi; lina kina cha mita 1,470. Wajerumani waliliita eneo la Kasanga Bismarckburg, wakajenga boma lao hapo, na Waingereza wakaliteka mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ajabu ni kwamba vita ile ile iliishia karibu na hapa: jenerali wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alisalimu amri Novemba 25, 1918, mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala, ng'ambo ya mpaka, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Mwenye hati ya kusafiria apite Kasesya akaone Mbala pia. Mimi nilinogewa na Kasanga. Nilikula kuhe wa kuchoma mwaloni, nimevua viatu, miguu ndani ya maji, na wavuvi wakinisimulia wanavyovua dagaa kwa taa usiku usio na mbalamwezi. Nunua migebuka mikavu ya nyumbani kabla hujapanda mlima.

Kwa wapenda historia kuna jambo la chuma. Wafipa walikuwa wayeyushaji chuma wa kutajika, na tanuru zao, malungu, zilijengwa kwa udongo kwa kimo cha mita tatu hivi, zikivuta upepo zenyewe kwa matundu ya chini pasipo kufukutwa. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena kwenye tanuru ndogo ya mivukuto, kisha mhunzi akakigeuza jembe. Mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda ameifanyia kazi hii utafiti wa miaka mingi. Baadhi ya malungu bado yamesimama huko Ufipa, mengine yamebaki vipande na marundo ya mavi ya chuma. Usiende kwa kukisia. Waulize wazee na ofisi ya utamaduni, upate mwenyeji, uombe ruhusa kijijini, maana si mawe ya kukalia kwa picha.

Jioni Matai inakurudisha kwenye sahani. Ugali wa ulezi, mweusi, mzito, na yale maharage; mboga za majani zilizochumwa mchana huo huo; kuku wa kienyeji ukiagiza mapema, na narudia, mapema. Wanaotumia kinywaji watakuta kimpumu, pombe ya ulezi inayoongezwa maji moto na kunyonywa kwa mrija, watu wamekaa pamoja na hakuna anayekimbilia kokote. Mimi niliomba chai ya maziwa nikakaa nao. Mzee mmoja aliniuliza nimetoka wapi na nimemfuata nani. Nilipomwambia sikumfuata mtu, nimekuja kutazama tu, aliita wenzake wanisikilize. "Basi karibu sana," akasema, "na ukirudi waambie wengine."

Ndiyo maana naandika. Upungufu upo: vibao vya kuelekeza ni vichache, maelezo ya yale magogo ya kale huyakuti upande wetu, na nyumba za wageni ni za kawaida, safi, za bei nafuu, lakini maji moto ya kuoga uombe jikoni. Ningeiomba halmashauri ianze na kibao kimoja tu kinachoeleza miaka ile 476,000, kwa Kiswahili, ili mtoto wa shule wa Kapozwa ajue anakanyaga nini.

Nendeni Mei au Juni, mvua imekata na mto bado una nguvu. Ukichelewa hadi Septemba au Oktoba maji yanakuwa yamepungua sana, ingawa kongoti utawaona. Bebeni sweta, viatu vya kupandia, na fedha taslimu. Panda basi la Sumbawanga kupitia Mbeya na Tunduma, hapo badilisha gari kwenda Matai, na dereva akikuuliza unashukia wapi, usimwambie Kasanga.